APOLO KIVEBULAYA, ASKARI WA ZAMANI ALIYEPELEKA INJILI BOGA

Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi waliotutangulia, safari hii tunamleta mtu ambaye ndugu wa Ituri wanamjua tangu utoto, lakini sisi wengi tuliotoka Tanganyika na Haut-Katanga tumesikia jina lake kwa mbali tu. Ni Kanoni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyevuka mto Semliki na kuja Congo na Biblia na jembe, akazikwa Congo mwaka 1933.

Tumemchagua kwa sababu. Kati yetu wako ndugu waliowahi kubeba silaha. Wengine walikuwa askari wa serikali katika miaka iliyopita, wengine walichukuliwa na makundi wakiwa bado watoto wa shule, wengine walishika upinde au panga siku kijiji chao kilipovamiwa, na wakafanya waliyoyafanya. Silaha waliziacha ng'ambo ya mpaka. Leo wana shamba la mihogo, wana watoto, wengine wanaimba kwaya. Lakini usiku hawalali. Mlango ukigongwa kwa nguvu wanaruka. Radi za mwezi wa kumi na moja zikipiga, kuna baba anayetoka nyumbani na kukaa chini ya mti mpaka asubuhi, na mke wake hajui aseme nini. Kuna anayekunywa ili asikumbuke. Kuna anayepiga watoto halafu analia. Na kuna yule anayekaa kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango, kwa sababu anaamini kwamba mtu wa namna yake hana ruhusa ya kukaribia mbele.

Basi tusikie habari za Apolo.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana wazazi wakamwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa mvulana wa kwanza wa mapacha, kama Waluba wanavyoita Kyungu na Kabange. Hakuwa mtoto wa mkubwa. Alikulia kijijini, na alipokuwa kijana alikuta nchi yake imejaa maneno mapya. Waislamu walikuwa wamekwisha kufika kutoka pwani. Mwaka 1877 wakaja wamisionari Waingereza wa Kiprotestanti, na mwaka 1879 Mapadre Weupe wa Kifaransa. Kwenye jumba la Kabaka watu walibishana habari za Mungu tangu asubuhi hadi jioni. Waswa alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland, lakini neno halikuingia ndani wakati ule. Akafuata Uislamu.

Kisha mabishano yakawa damu. Kabaka Mwanga aliua Wakristo vijana, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu wakaungana kumfukuza Mwanga, na baada ya wiki chache tu Waislamu wakawafukuza Wakristo, ambao walikimbilia Ankole. Walikuwa wakimbizi, ndugu zangu, na neno hilo sisi hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mwaka 1889 wakarudi na silaha. Vita vikaenda mbele na nyuma, mji mkuu ukachomwa, mashamba ya migomba yakabaki magugu, na watu wengi wakafa kwa njaa na magonjwa. Halafu Wakristo wenyewe wakagawanyika. Mwezi wa Januari 1892, pale Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya mashine. Watu hawakuitana tena kwa majina ya ubatizo, waliitana Wafransa na Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda wa mama mmoja. Sisi tulioona Wabantu na Watwa wakichomeana vijiji mwaka 2016 na 2017, watu waliokuwa wakibadilishana nyama na mihogo sokoni, tunaelewa jambo hilo bila mwalimu.

Waswa alikuwa ndani ya vita hivyo. Kwanza alikuwa upande wa jeshi la Waislamu. Baadaye akawaacha. Mwaka 1891 alikuwa kati ya watu walioandamana na Lugard kwenda magharibi mpaka Toro, chini ya milima ya Ruwenzori, Lugard alipomrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme. Katika miaka hiyo ya uaskari Waswa alizoea kuvuta bangi, tena sana. Waandishi wa maisha yake hawakulificha jambo hili, nasi hatuna haja ya kulificha. Mara nyingi tunapenda kusimulia habari za watakatifu kana kwamba walizaliwa wameshika kitabu cha nyimbo. Huyu alitoka vitani na moshi kichwani.

Hatusemi kwamba Apolo alikuwa na ugonjwa fulani. Hakuna daktari wa wakati ule aliyeandika mambo kama hayo, na si kazi yetu kumpa mtu wa zamani jina la ugonjwa. Tunachojua ni njia aliyopita kutoka jeshini hadi madhabahuni, na njia hiyo haikuwa fupi. Tazameni miaka. Alimsikia Mackay akiwa kijana. Vita vikuu vya Buganda vilianza mwaka 1888. Alibatizwa mwaka 1895. Katikati yake kuna miaka saba hivi ya kupigana, kutangatanga, kuvuta, kuanza tena kusoma na kurudi darasani. Sisi tunataka askari wa zamani aokoke Jumapili, na Jumatatu awe mtu mpya kabisa asiyeota ndoto mbaya. Asipokuwa hivyo tunasema hakuokoka kweli, au tunasema ana pepo. Jambo hilo limewaumiza watu wengi humu kambini, na lazima liachwe.

Kilichomvuta Waswa mwishoni kilikuwa kusoma. Wakati ule Buganda mtu aliyetaka kuwa Mkristo aliitwa msomaji, kwa sababu alianza na karatasi ya herufi, kisha Injili. Alikaa na vitabu na akakaa na wasomaji wenzake, watu ambao wengi wao walikuwa wamepigana pia, wengine upande mwingine. Alipobatizwa alichagua jina la Apolo, yule mtu wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari katika Maandiko lakini alihitaji Prisila na Akila wamchukue nyumbani kwao na kumweleza njia ya Mungu vizuri zaidi. Mkewe alifariki mapema, na Apolo hakuoa tena maisha yake yote.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Inasimuliwa kwamba alikuwa akivaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake nyeupe, na watu wakacheka na kumpa jina hilo. Ninalipenda koti hilo. Angeweza kulitupa mtoni ili watu wasahau alikotoka. Alilivaa, akaenda nalo kuhubiri.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu wa Injili, yaani alirudi katika nchi aliyoiingia kwanza kama mtu wa jeshi. Tufikiri kidogo habari hiyo. Watu wa Toro walikuwa wamewaona watu wenye silaha wakipita, wakila mifugo yao. Sasa mmoja anarudi na kitabu. Si rahisi kwa anayerudi, wala si rahisi kwa wanaompokea. Lakini Toro walimpokea, na kanisa likakua haraka.

Mwishoni mwa 1896 Apolo akajitolea kwenda mbali zaidi, kuvuka milima kwa upande wa kaskazini, kushuka bonde la Semliki penye joto na nyati, na kupanda tena mpaka Boga, mahali ambapo leo ni Ituri. Walimu waliomtangulia huko walikuwa wameshindwa. Mkubwa wa Boga, Tabaro, hakuwapenda, kwa kuwa walisema habari za pombe na habari za wake wengi, naye akaagiza wasipewe chakula. Njaa ikawafukuza. Apolo alipofika alikutana na mlango ule ule uliofungwa, lakini yeye alishika jembe na kulima chakula chake mwenyewe. Ndugu wa Mantapala, mliofika hapa mwaka 2018 mkapewa kipande cha ardhi chenye miti na mkaanza kung'oa visiki, mnajua faida ya jembe kwa mtu ambaye kichwa chake kimejaa mambo mazito. Mikono ikifanya kazi, kichwa hupumzika kidogo. Apolo alilima karibu kila mahali alipokaa, hata alipokuwa kasisi.

Tabaro hakunyamaza. Apolo alipigwa na nyumba ya ibada ikachomwa. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa kwenye majani, akafa, na Apolo akashtakiwa kwamba amemuua. Hakumuua. Lakini alifungwa na kupelekwa Toro mbele ya afisa wa Kiingereza, akawekwa gerezani. Mtu aliyekuwa amepita vita vingi bila kushtakiwa, sasa ameshikwa kwa damu ambayo hakuimwaga.

Ni katika kipindi hicho cha mapigo na kifungo Apolo aliona maono ambayo aliyasimulia mpaka uzee wake. Alishuhudia kwamba Yesu Kristo alimtokea aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu siku hiyo, alisema, watu walipomsikia akihubiri hawakumkataa kama zamani. Kila msomaji atalipokea jambo hili kwa imani yake. Tunaomba tu liangaliwe neno moja: hakuambiwa kwamba makosa yake ya zamani hayakuwepo, wala hakuambiwa kwamba hatapigwa tena. Aliambiwa hayuko peke yake. Ndugu ambaye amekaa usiku chini ya mti wakati wa radi atajua uzito wa neno hilo kuliko sisi tuliolala.

Apolo alifunguliwa, kwa kuwa hakuonekana na kosa. Akarudi Boga kwa Tabaro. Na Tabaro, yule aliyempiga, akaamini na kubatizwa kwa jina la Paulo. Mimi nadhani sehemu hii ni ngumu kuliko kuvuka Semliki. Apolo alijua kutoka upande wake mwenyewe kwamba mtu mwenye fimbo mkononi anaweza kugeuka, kwa sababu yeye alikuwa ameshika zaidi ya fimbo. Kanisa lenye watu kama Apolo na Tabaro ndani yake haliwezi kumwambia mpiganaji wa zamani akae nje.

Lakini kuna jambo la kuwaambia wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya maombi hapa kwetu. Apolo alisimulia maono yake na maisha yake kwa hiari, wakati wake ulipofika, na kwa miaka mingi aliandika kumbukumbu zake kwa Kiganda. Hakulazimishwa. Sisi tuna desturi ya kumwinua mtu mbele ya ibada na kumtaka atoe ushuhuda wa kila kitu alichofanya vitani, kwa sauti, mbele ya wajane. Kwa wengine inafungua kidonda upya, na usiku ule wanarudi kule kule walikotoka. Na mjane aliyeko kwenye benchi naye anaumizwa mara ya pili. Mtu akitaka kusema, na aseme kwanza kwa mtu mmoja anayetunza siri, polepole, hata kwa miezi. Anayesikiliza asikimbilie kujibu kwa mistari kumi ya Biblia. Akae tu. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba walipokaa chini pamoja naye wakinyamaza. Walianza kuharibu walipofungua midomo.

Tena, kiwewe cha vita ni ugonjwa wa nafsi unaojulikana na waganga wa hospitali. Kuruka kwa kila kishindo, ndoto zinazorudi, hasira isiyo na sababu, moyo uliokufa ganzi hata kwa watoto wako mwenyewe, kukwepa kila njia na kila sauti inayokumbusha, hayo yote ni dalili zake. Kumpeleka mtu kliniki ya kambi, au kwa rufaa mpaka hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi, si kukosa imani. Anayepewa dawa asiambiwe azitupe ili Mungu atukuzwe. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Na bangi na pombe havitibu kiwewe, vinakiweka tu kando mpaka asubuhi, halafu kinarudi na ndugu zake.

Turudi kwa Apolo. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi alifanya kazi Toro, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji. Mpaka kati ya Waingereza na Wabelgiji ulipowekwa sawasawa, Boga ikabaki upande wa Wabelgiji, na Wakristo wa huko wakawa mbali na mchungaji wao kwa ajili ya mstari uliochorwa na watu wa Ulaya. Karibu na mwaka 1915 Apolo akarudi kwao, na Boga ikawa nyumbani kwake.

Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka karibu sitini, umri ambao wengi wetu tunaanza kutafuta kiti kivulini, aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti. Alisimulia kwamba Kristo alimtokea tena akamwambia aende kuhubiri msituni. Wambuti walikuwa watu wa kuhamahama, wakiishi kwa kuwinda, na majirani zao wa vijijini waliwahesabu kuwa chini ya watu. Apolo aliwafuata kambi kwa kambi, akawafundisha, akawabatiza walioamini, na akashiriki katika kazi ya kuitia Injili ya Marko katika lugha yao. Tumetaja juu vita vya Watwa na Wabantu. Basi lisomwe jambo hili taratibu katika nyumba zetu: mzee huyu, kanoni wa kanisa kuu la Namirembe tangu 1922, alikwenda kukaa na watu ambao wengine hawakutaka kula nao sahani moja.

Alichokuwa nacho alikigawa. Ng'ombe alizopewa aliwapa wengine, na nyumba yake ilijaa wageni na vijana waliosoma kwake. Waliomjua waliandika kwamba alikuwa mtu wa furaha, mwenye kucheka. Sijui kama alikuwa akiamka usiku kwa ajili ya mambo ya 1889 au 1892. Kama aliamka, aliamka katika nyumba yenye watu.

Mwaka 1933 ugonjwa ulimshika. Alipoona kwamba siku zake zimekaribia alitaka kuwa Boga, si Buganda alikozaliwa. Alifia huko tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya kaburi lake: alazwe kichwa kikielekea magharibi, kuelekea msitu na watu ambao bado hawajafikiwa, kinyume cha desturi ya kumwelekeza maiti upande wa kwao. Walifanya hivyo.

Boga ilipata askofu wake mwaka 1972, na Kanisa la Anglikana la nchi yetu likawa jimbo lenye kujisimamia mwaka 1992. Lakini Boga pia imekuwa mahali pa kilio. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile za ukumbusho wa Apolo, washambuliaji waliingia usiku Boga na Tchabi jirani yake wakaua watu zaidi ya 50, na wiki zilizofuata hospitali ya Boga ikaporwa na kuchomwa moto. Waliobaki walikimbia, kama sisi. Tuwaombee hao, na tuwaombee pia waliofanya hayo, kwa kuwa siku moja baadhi yao watachoka na silaha na kuketi kwenye kiti cha mwisho cha kanisa fulani, karibu na mlango.

Ndugu yeyote anayetaka kuzungumza juu ya mambo haya, au mama ambaye mume wake halali usiku, na amtafute mchungaji au mama mshauri baada ya ibada, au amtume mtu anayemwamini. Si lazima aseme sababu mlangoni.